Uzi Ulioteleza, Kofia Iliyokazwa Mno na Upepo wa Naivasha: Uchambuzi wa Rili Bapa Iliyokataa Kurusha

Kisa hiki kinahusu rili moja, yaani kifaa cha kuviringia uzi kwenye fimbo ya kuvulia, na mvuvi aliyekaribia kuitupa kwa sababu ya ubovu ambao haukuwepo. Jina lake, mahali anapoishi na chapa ya rili nimeviondoa. Hapa nitamwita Mwalimu. Nimekiandika kwa kirefu kwa kuwa karibu kila kinachoweza kwenda kombo katika kuweka rili ya aina hii kilimpata, tena vyote kwa pamoja, kila tatizo likaficha jingine.

Usuli

Mwalimu amevua Ziwa Naivasha kwa miaka mingi akitumia rili ya kawaida, ile ambayo spuli yake (gurudumu linaloviringiwa uzi) husimama tuli wakati wa kurusha na uzi huchomoka wenyewe kupitia ukingoni. Kwa rili hiyo ni fundi kweli. Anarusha chambo bandia chepesi cha gramu 5 kwa kukunjua kiganja tu, na kinatua anapotaka.

Samaki anayemtafuta ni bass, aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani miaka ya 1920 kwa ajili ya wavuvi wa fimbo. Bass hukaa kivulini: kwenye mizizi ya mafunjo, chini ya gugu maji linaloelea, pembeni mwa miti iliyozama. Ukitupa chambo mita mbili mbali na mafunjo umepoteza muda wako. Ukikitupa ndani yake umepoteza chambo. Na akishakamatwa, kitu cha kwanza anachofanya ni kukimbilia mashina, kwa hiyo mvuvi anahitaji nguvu ya kumzuia tangu hatua ya kwanza.

Hiyo ndiyo sababu Mwalimu alitamani rili bapa. Katika rili hii spuli huzunguka yenyewe wakati wa kurusha, na kidole gumba hukaa juu yake kuupunguza au kuusimamisha uzi mahali unapotaka. Rili zenye spuli inayozunguka ni za zamani sana. Zile za kurushia chambo zilikuzwa Kentucky, Marekani, katika karne ya 19, mikononi mwa mafundi wa saa na wa fedha. Umbo hili la chini linalofunikwa na kiganja lilishika kasi miaka ya 1970, na jina linalohusishwa nalo zaidi ni la Mmarekani Lew Childre. Umbo lilishushwa ili mkono ukae vizuri na kidole gumba kiifikie spuli bila taabu. Asiyekitumia kidole hicho ana nusu ya rili tu mkononi.

Ndugu yake anayeishi Marekani alimletea moja akija likizo. Ilikuwa imeshajazwa uzi dukani, na ndugu alikuwa ameomba wamwekee uzi imara kuliko yote waliyokuwa nayo.

Rili yenyewe na vitu vinne vya kurekebisha

Ili yaliyotokea yaeleweke, lazima kwanza tukubaliane juu ya kazi ya kila kitu.

Upande wa mkono wa kuzungushia kuna kofia ndogo ya kukaza na kulegeza kwa vidole. Nitaiita kofia ya mkazo. Kazi yake ni kubana ncha ya ekseli ya spuli. Ukiikaza, inasukuma washa ndogo (kisahani cha chuma) iliyo ndani hadi igandamize ekseli, na spuli inakuwa nzito kuzunguka. Msuguano huo haubadiliki: ni uleule mwanzo wa mrusho, katikati na mwisho.

Upande wa pili kuna kirungu chenye namba, katika rili hii 0 hadi 10. Hiyo ni breki ya sumaku. Sumaku haigusi spuli, wala haiivuti, maana spuli ni ya alumini. Lakini alumini ikizunguka mbele ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani yake na kuupinga mzunguko. Spuli ikienda kasi, breki inakaza. Ikipungua, breki nayo inaachia. Zipo rili nyingine zenye breki ya vipande vidogo vya plastiki vinavyotupwa nje na mzunguko na kusugua ukuta wa ndani. Hizo hukaza zaidi katika kasi kubwa na kuachia mapema zaidi mrusho unapopoa. Ya Mwalimu ilikuwa ya sumaku tupu.

Kisha kuna nyota, ile yenye miguu mitano kandokando ya mkono. Inarekebisha dragi, yaani kiasi cha nguvu ambacho samaki lazima avute ndipo spuli iteleze na kumpa uzi. Haihusiki kabisa na kurusha.

Cha nne si sehemu ya rili: ni uzi. Aina yake, unene wake, umejazwa kiasi gani na umeviringwa kwa mkazo gani. Hiki cha nne ndicho watu hawakigusi, na katika kisa hiki ndicho kilichokuwa chanzo cha nusu ya matatizo.

Yaliyotokea

Asubuhi ya kwanza ziwa lilikuwa shwari. Mwalimu alifunga chambo chake kipenzi cha gramu 5, akabonyeza kibonyezo kinachoiachia spuli izunguke, akarusha kwa mtindo wake uleule wa kukunjua kiganja ghafla. Spuli iliruka kasi kabla chambo hakijapata mwendo, uzi ukafura juu ya rili na kuwa kiota. Alikaa akikifumua kwa kucha. Mrusho uliofuata, vivyo hivyo.

Kijana wa boti akamwambia, "Mwalimu, hiyo kitu kaza kidogo." Akakaza kofia ya mkazo. Viota vikapungua, lakini chambo kikawa kinaangukia karibu na boti. Ili kifike mbali akaongeza nguvu, na kwa kuongeza nguvu akarudisha viota. Akakaza tena kofia, mpaka ikagoma kuzunguka zaidi.

Adhuhuri upepo wa Naivasha ukaingia, kama kawaida yake. Asubuhi ziwa hilo ni kioo, mchana lina mawimbi yenye povu. Sasa viota vikaanza kutokea chambo kikiwa tayari angani. Mwalimu akaamini kwamba kofia imelegea, akajaribu kuikaza kwa koleo. Kwa hasira ya kutofika mbali akateremsha breki ya sumaku hadi 2.

Ndipo likatokea lile lililonifanya nichukulie kisa hiki kwa uzito. Baada ya samaki mdogo kuvutwa, uzi ulikuwa umejichimbia kati ya matabaka ya chini. Mwalimu akarusha kwa nguvu zote. Chambo kikaenda mita chache, uzi ukanaswa palepale ulipojichimbia, ukakatika kwa kishindo. Chambo chenye ndoano mbili za ncha tatutatu kikaenda kinakotaka. Kijana wa boti alikuwa nyuma, kikaelekea mbele. Siku nyingine mambo yangekuwa tofauti.

Safari iliyofuata akapata bass mzuri kando ya mafunjo. Samaki akavuta, uzi ukatoka. Mwalimu akakaza nyota. Uzi ukazidi kutoka. Akaikaza hadi mwisho, na bado uzi ulitoka kana kwamba hakuna dragi kabisa. Samaki akaingia mafunjoni, akajizungusha kwenye mashina, akaenda zake.

Hitimisho la Mwalimu lilikuwa kwamba dragi imekufa na rili ni feki. Kuna fundi mjini aliyejitolea kuifungua abadilishe washa za dragi kwa za jiko la gesi. Kabla hajampelekea, akanipigia simu.

Tulipoikagua

Nilimwomba asiifungue na asiisafishe. Rili inayosumbua ikifika mezani ikiwa vilevile ilivyotoka ziwani, inasema mengi. Ikishapakwa mafuta na kupanguswa, imenyamaza.

Nilianza na dragi kwa kuwa ndiyo aliyokuwa na uhakika nayo. Kwa kalamu ya wino mzito nilichora alama ukingoni mwa spuli, na nyingine juu ya uzi, zikitazamana. Nikakaza nyota hadi mwisho, nikavuta uzi kwa mkono uliofungwa kitambaa. Alama ya uzi ilihama polepole kuelekea kulia. Alama ya spuli haikusogea hata kidogo.

"Mwalimu, dragi yako ni nzima."

"Sasa ni nini kinachoteleza?"

"Uzi wote, kwa pamoja."

Hicho ndicho kilichokuwa kikitokea. Dukani walifunga uzi wa kusuka moja kwa moja kwenye alumini. Uzi wa kusuka ni laini, hautanuki, na hauumi chuma. Fundo la chini likazunguka spuli kama pete kwenye kidole chembamba, na uzi mzima ukazunguka nalo. Dragi ilishika vizuri kabisa. Ilishika spuli ambayo uzi ulikuwa hauishiki.

Kisha nikafungua kofia ya mkazo. Washa ya shaba iliyo ndani, ndogo kuliko kifungo cha shati, ilikuwa na shimo katikati pale ekseli ilipoigandamiza. Ukipitisha ukucha juu yake unausikia ukizama. Ukingo wa kofia ulikuwa na meno ya koleo. Beringi zilikuwa salama, kwa bahati.

Uzi ulikuwa wa nguvu ya kilo 13 hivi, unene wa karibu milimita 0.28, umejazwa hadi ukingo wa spuli. Tulipoutoa tulikuta sehemu tatu ulikojichimbia chini ya matabaka mengine, na sehemu moja imekwanguka hadi kubaki nusu. Ulikuwa umeviringwa kwa ulegevu tangu dukani, na kila kiota kilichofumuliwa kiliuacha umelegea zaidi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuweka kando uzi wa kusuka kwa muda na kujaza nailoni ya milimita 0.35, ile ya duka lolote la vifaa vya uvuvi, iliyoandikwa kilo 6. Mwalimu hakupenda, aliona ni kurudi nyuma. Lakini nailoni inauma spuli, haijichimbii kirahisi, na kiota chake kinafumuka kwa sababu ni nene na ina ukakamavu. Mtu anayejifunza kidole gumba atapata viota. Afadhali avipate kwa uzi unaosamehe. Uzi wa kusuka ungerudi baadaye, juu ya tabaka la nailoni la kuushikilia.

Tulijaza kwa mkazo: mtu mmoja anazungusha, mwingine anapitisha uzi kwenye kitambaa kilicholowa akiubana. Tukaacha milimita 3 kutoka ukingo wa spuli. Spuli iliyojaa pomoni hufura kwa kisingizio kidogo, na uzito wake huifanya iwe ngumu kusimamisha ikishashika kasi.

Washa iliyotoboka ilibadilishwa kwa nyingine ya ukubwa uleule. Baada ya hapo tuliweka kofia upya, na hapa ndipo wavuvi wanapobishana. Njia ya zamani, ambayo vijitabu vingi vya rili bado vinaifundisha, ni hii: funga chambo, inua fimbo, bonyeza kibonyezo, acha kishuke. Kofia iko sawa ikiwa chambo kinashuka taratibu na spuli inasimama yenyewe kinapogusa chini. Njia nyingine ni kulegeza kofia hadi spuli icheze kulia na kushoto ukiisukuma kwa kidole gumba, kisha kuikaza kidogo sana hadi mchezo huo uishe, na kuiacha hapo. Kazi iliyobaki inafanywa na breki na kidole.

Mimi naamini njia ya pili, kwa sababu msuguano wa kofia unaiba mrusho kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo hakuna hatari ya kiota. Hata hivyo Mwalimu alianza na ya kwanza. Alihitaji kuona spuli ikimtii kabla ya kuiachia, na alipoizoea tukahamia ya pili. Tulipofika hapo nilimwomba asiiguse kofia tena hata akibadilisha chambo.

Breki ya sumaku tuliianzishia 10. Kanuni ilikuwa kushuka namba moja moja, na kushuka tu baada ya mirusho kadhaa mfululizo ambayo uzi haukufura. Ukianza juu na kushuka, unajifunza kwa mirusho mifupi. Ukianza chini na kupanda, unajifunza kwa viota.

Chambo cha gramu 5 kiliondoka. Katika rili hii chambo ndicho kinachoivuta spuli izunguke, na gramu 5 haziwezi kuamsha spuli ya kawaida iliyobeba uzi mwingi bila mrushaji kutumia nguvu zisizo na mpango. Tulifunga chubwi ya gramu 14 bila ndoano tukaenda uwanjani, kwenye nyasi. Gramu 10 hadi 14 ndipo rili nyingi za aina hii zinapojisikia nyumbani.

Mtindo wa kurusha ulibadilishwa pia. Kukunjua kiganja ghafla kunafaa rili ya spuli iliyosimama. Kwa hii, fimbo lazima ijipinde polepole kisha ijinyooshe yenyewe, na mkono uzungushwe kidogo ili mkono wa rili utazame juu. Kidole gumba kinaachia spuli fimbo ikielekea mbele, kinaelea juu ya uzi bila kuubana, kisha kinaisimamisha spuli chambo kikiwa karibu kugusa maji. Si baada ya kugusa. Kabla.

Nyota tuliiweka kwa mzani wa springi, ule wa kupimia nyama. Uzi ulipitishwa kwenye pete zote za fimbo, ukafungwa kwenye ndoano ya mzani, Mwalimu akainua fimbo kama anapigana na samaki, nami nikavuta. Tulikaza hadi spuli ianze kuteleza kati ya kilo 1.5 na 2, yaani robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Wengi hukadiria kwa kuvuta uzi kwa mkono moja kwa moja kutoka kwenye rili, na hapo fimbo na pete zake hazimo katika hesabu. Pia samaki akichukua uzi mwingi, duara la uzi kwenye spuli linapungua na dragi ileile inahitaji nguvu kubwa zaidi kuteleza. Ukiiweka karibu na kikomo tangu mwanzo, uzi utakatika samaki akiwa mbali.

Matokeo

Uwanjani alianza kwa mita chache na viota vya kawaida, kisha vikaanza kupotea. Alipofika breki 6 alikuwa anarusha chubwi kama mita 25 na kuitua karibu na ndoo aliyoiweka shabaha. Ziwani alirudi kwenye 8 kwa siku za mwanzo, nami nikaona ni busara. Kwenye boti inayoyumba na mafunjo mbele yako, mkono unasahau.

Sasa anavua asubuhi kwenye 5 au 6. Upepo ukiingia anapanda hadi 8 au 9, anabadilisha chambo kirefu chenye mbawa kwa kifupi kizito, na anarusha kwa upande, chini, ili chambo kipite chini ya upepo. Lakini kwanza anamwambia kijana wa boti ageuze boti. Kurusha kinyume na upepo wa mchana wa Naivasha ni kazi isiyo na faida ukiwa na uwezo wa kuchagua upande.

Baadaye tulirudisha uzi wa kusuka. Tuliweka kwanza nailoni kama mita 20 chini kabisa, tukaunganisha, tukajaza kwa mkazo, tukaacha milimita zetu 3. Jaribio la alama mbili za kalamu lilirudiwa. Safari hii alama zilihama pamoja, kwa kilo ileile iliyowekwa kwenye mzani.

Uchambuzi: kiota kina wakati wake

Jambo lililofanya kazi zaidi ya mengine yote lilikuwa kuacha kuuliza "kwa nini kuna kiota" na kuanza kuuliza "kiota kilitokea lini". Mwalimu alikuwa na viota vya aina tatu, akavitibu vyote kwa kukaza kofia.

Kinachotokea mwanzo wa mrusho, fimbo ikiwa bado inasogea, kinaletwa na spuli kuruka kabla chambo hakijachukua mwendo. Dawa yake ni mrusho laini na chambo kizito zaidi, na breki ya juu zaidi kama bado. Kinachotokea katikati, chambo kikiwa angani, kinamaanisha chambo kimepungua mwendo na spuli haijui. Mara nyingi ni upepo, au mrusho wa juu mno, au chambo kinachojizungusha. Hapo breki inapanda na mrusho unashuka. Kinachotokea mwisho ni cha kidole gumba peke yake. Chambo kimegusa maji kikasimama, spuli haijasimama. Hakuna kirungu kwenye rili kitakachokuponya na kiota cha mwisho bila kukuibia nusu ya umbali.

Kofia ya mkazo haimo katika orodha hiyo ya dawa, na nasisitiza hapo. Inaweza kupunguza viota vyote vitatu kwa sababu inapunguza kila kitu, ukiwemo mrusho. Ndiyo maana inadanganya. Mtu anaikaza, anaona nafuu, anaamini ameponya. Kisha anatumia nguvu zaidi kufidia, na nguvu zinaleta tatizo jipya ambalo analitibu kwa kukaza tena. Mwalimu alizunguka katika duara hilo siku nzima, na washa yenye shimo ndiyo kumbukumbu yake.

Kuhusu kukifumua kiota, tulitumia mbinu ambayo haifahamiki vya kutosha. Kaza nyota, bana uzi uliofura kwa kidole gumba kwa nguvu, zungusha mkono wa rili mara mbili tatu huku umebana. Achia, bonyeza kibonyezo, vuta uzi taratibu. Mizunguko iliyokuwa imekunjamana juu ya uzi inalazwa chini na mara nyingi inatoka yenyewe. Rudia ikigoma. Kucha na ndoano zinakwangua uzi, na uzi uliokwanguka ndio utakaokatika siku ya samaki mkubwa. Ukimaliza rudisha nyota kwenye kilo yake, na uvute mrusho huo wote chini ya mkazo ili usiache ulegevu ndani.

Utambuzi wa dragi ulifanikiwa kwa sababu tulitenganisha vitu viwili vinavyoonekana kama kimoja. Uzi ukitoka, jicho linasema dragi inateleza. Alama mbili za kalamu zinagharimu dakika moja na zingeokoa samaki yule. Fundi wa mjini angefungua dragi nzima na kuiharibu, na uzi ungeendelea kuteleza vilevile.

Kilichoshindikana

Nailoni ilikuwa na gharama, na tulijua itakuwa nayo. Inatanuka, kwa hiyo ndoano haiingii haraka samaki akiwa mbali, na mashina ya mafunjo yanaikata. Mwalimu alipoteza samaki kwa sababu hiyo katika kipindi alichokuwa anajifunza. Bado naona ulikuwa ubadilishanaji halali, lakini anayevua mahali penye vichaka vizito ajue mapema kwamba nailoni ya 0.35 ni ya shule. Baada ya hapo ihame.

Chambo cha gramu 5 hakikupata nafasi tena kwenye rili hii. Zipo rili bapa zenye spuli nyepesi na ya kina kifupi zilizotengenezwa kwa ajili ya vyambo vidogo kama hicho, lakini hii si mojawapo, na hakuna marekebisho yatakayoigeuza. Mwalimu sasa huenda na fimbo mbili, na ile ya zamani inafanya kazi ya vyambo vyepesi.

Usalama tuliushughulikia nusu. Tumekubaliana kwamba mtu wa boti akae upande usio wa mrusho, na kwamba uzi uliojichimbia uvutwe na kuviringwa upya kabla ya mrusho unaofuata. La kwanza linafuatwa. La pili linasahaulika samaki wakiwa wanakula.

Na kuna suala la mkono. Rili hii ina mkono wa kuzungushia upande wa kulia, na Mwalimu anarusha kwa kulia. Kwa rili yake ya zamani alizoea kuzungusha kwa kushoto, kwa hiyo fimbo haikuhama mkono. Kwa hii, baada ya kila mrusho lazima aihamishie kushoto ndipo aanze kuzungusha, na bass wa kando ya mafunjo mara nyingi hupiga chambo kikiwa ndiyo kwanza kimegusa maji, mkono ukiwa bado haujashika. Mkono wa rili bapa hauhamishiki upande mwingine. Hununuliwa wa kulia au wa kushoto. Ndugu akija tena, ameombwa alete wa kushoto.